Ilivyoyumba Ile Sahani ya Fedha

Haya wanangu wa dukani, mmetaka niandike, naandika. Mwezi wa pili huu nipo nyumbani, sina wa kumfokea, mdomo unawasha. Siku ile ya kuniaga mlinipa keki na vitenge, halafu yule mrefu anayekaa kwenye kompyuta akaniuliza, "Bibi Somoe, hivi kabla ya flashi muziki mlikuwa mnauuzaje?" Nilicheka mpaka keki ikanipalia. Leo nakujibu, ila usinikatize. Shule nimesoma mpaka la tatu, la nne nililisikia kwa jirani, kwa hiyo nukta mtaweka wenyewe mkiona pumzi imekata.

Mshahara siusemi. Vyeo sikupewa. Nimeingia kazini naitwa Somoe, nimetoka naitwa Bibi Somoe, hapo katikati miaka ndiyo imenipandisha.

Nilianzia Mchafukoge, kwenye duka la santuri la mama mmoja wa Kihindi, mjane, mji mzima unamwita Ba. Zilikuwa enzi za Ujamaa, foleni ya sukari huku, foleni ya sabuni kule, vijana na suruali zao za bugaluu zinafagia barabara bure bila kuajiriwa na manispaa. Kazi alinitafutia mjomba wangu, fundi cherehani, aliyekuwa na mashine yake pale pale kwenye baraza ya duka. Alimwambia Ba, "Mpokee huyu, anaongea sana, labda muziki utamzidi sauti." Haukunizidi.

Siku ya kwanza niliikalia sahani, ndiyo hiyo santuri yenyewe. Naam, niliikalia, ikasema *ka*, ikawa mbili. Nikangoja kufukuzwa. Ba alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kilikuwa kinanipita mimi wa Kilwa. Akaviangalia vile vipande, akaniangalia mimi, akasema, "Kukalia unajua, mwanangu. Kesho tutajifunza kushika." Kesho yake akanifundisha: sahani inashikwa kwa viganja pembezoni, vidole havigusi mistari. Kufuta, unafuata mistari inavyozunguka, huikati. Sindano unaipuliza, huipigi kofi. Nyie mnabonyeza tu, lakini nawaambieni, hata flashi ukiishika vibaya inakujua.

Somo kubwa lilikuja baadaye. Ikifika sahani mpya, Ba alikuwa anageuza spika kuelekea barabarani, ananiweka mlangoni, anapiga. Mimi mbio: "Ba, nzuri hii!" Anakasirika. "Nzuri ndiyo nini? Sijakuuliza kama nzuri. Niambie mikokoteni inafanyaje." Maana pale mbele yetu wachukuzi walikuwa wanapita kutwa nzima na magunia ya kwenda Kariakoo sokoni. Mtu mwenye magunia kumi mgongoni mwa mkokoteni hana muda wa kukufurahisha. Mwendo wa gurudumu ukibadilika, sahani hiyo agiza. Mchukuzi akipita na mwendo wake ule ule, hata kama mwimbaji analia machozi, rudisha. Hiyo ndiyo shule yangu, na sijaona nyingine iliyoishinda.

Sasa kila Jumatano baada ya chakula cha mchana alikuwa anakuja mtu mmoja mwembamba, mrefu kama mti wa bendera, anaitwa Benedikti. Mtu wa Masasi, kakulia kwenye kwaya ya kanisani. Alikuwa anaandika gazetini, maeneo ya Posta, safu ya muziki wa vijana: nini kipya, kipi cha kucheza, kipi cha kutupa. Tatizo, ofisi yao haikuwa na gramafoni. Basi anakuja kwetu, anakaa juu ya kreti la soda, daftari gotini, nampigia.

Alikuwa anaupenda muziki wa mashine, ule wa Ulaya wa vinanda vya umeme na ngoma isiyopigwa na mtu. Wenzake ofisini wanamcheka, wanamwambia huo si muziki, huo ni kiwanda. Yeye anasema, "Dada Somoe, hata kiwanda kikiwa kinafanya kazi kinaimba. Ni kusikiliza tu." Lakini kucheza, maskini, alikuwa hajui. Akijaribu utadhani mtu anatafuta funguo mifukoni. Kwa hiyo ananiuliza mimi.

"Hii unaionaje, Dada Somoe?"

"Ngoma yake imepigwa na asiyechoka."

"Ni mashine hiyo."

"Ndiyo maana haijui kusubiri. Mpigaji mtu akikuona umechoka anakupa nafasi ya kufuta jasho. Hii inakuburuta kama mgambo kakukamata huna kitambulisho."

Anaandika, anacheka, anaandika. Jumamosi mjomba ananisomea gazeti, nasikia: *mdundo wa kimitambo usio na huruma*.

"Huruma nimeitaja wapi mimi?" namuuliza Jumatano.

"Mgambo wako nimemvalisha suti," ananijibu.

Sikukasirika. Mimi kuandika kwangu kulikuwa ni kubandika vijina kwenye kaseti, tena naruka herufi. Kalamu ya Benedikti ndiyo ilikuwa mdomo wangu ukifika mpaka Mwanza. Mtu ananunua gazeti Mwanza, anasoma mawazo ya Somoe wa Mchafukoge, na hajui. Raha yake siwezi kuwaeleza.

Halafu ikaja ile ya fedha. Ilikuja na mzigo wa mwisho kabla mizigo ya nje haijakatika: sahani moja tu, jalada jeusi na duara la fedha katikati, haina mwimbaji hata mmoja, vinanda vitupu. Ba hakuisikiliza vizuri, alikuwa anafunga mizigo anaenda Tanga kwenye harusi ya mpwa wake. Akaniachia duka, akaniachia funguo, akaniambia, "Usikalie kitu."

Siku ya pili gramafoni likakata ukanda.

Nyie hamlijui gramafoni kwa ndani. Chini ya lile duara linalobeba sahani kuna mota ndogo yenye kigurudumu, na ukanda mwembamba wa mpira unatoka kwenye kigurudumu unazunguka duara. Ukanda ukikatika, mota inazunguka peke yake kama mwendawazimu, sahani imelala. Nikazunguka Kariakoo nzima kutafuta ukanda. Kila duka, "Hakuna, dada." Wengine wanajibu kabla sijasema nataka nini. Nikakata tyubu ya baiskeli: sahani ikaenda kama jeneza. Nikajaribu kamba ya cherehani ya mjomba: ikateleza. Nikakaa chini nikajishika kiuno, kwa uchungu, na hapo ndipo kidole kikagusa mpira wa gagulo langu, lile la kuvaa ndani ya kanga.

Mpira wenyewe ulikuwa mwembamba wa mviringo, imara, mjomba alinitunukia Idi iliyopita kutoka kwenye akiba yake, maana mpira wa nguo nao ulikuwa haupatikani. Nikaenda nyuma ya pazia, nikauchomoa, gagulo nikalibana na pini. Nikashona ncha mbili, nikauvalisha gramafoni. Likazunguka! Ila pale penye mshono palikuwa na kinundu, na kila kinundu kikipita kwenye kigurudumu sahani inajikwaa, sauti inazama, inaibuka. Inazama, inaibuka. Nikasema haidhuru, mgonjwa anatembea.

Ilikuwa Jumatano. Benedikti akaingia, akakaa kwenye kreti, nikampigia ile ya fedha. Hakuandika. Akafumba macho. Sahani ikazama, ikaibuka, na yeye shingo ikaenda nayo, shingo ile isiyojua kucheza.

"Dada Somoe," akasema polepole, "unasikia walichofanya? Wameifundisha mashine kupumua."

Wanangu, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini neno lenyewe ni gagulo, na mjomba yupo barazani, hatua nne, na Benedikti ni mwanaume. Halafu alikuwa kafurahi! Akaniuliza, "Wewe unaionaje?" Basi shetani wa mdomo akanipanda: "Inakuja kama mtu anainama kuokota kitu, halafu anabadili mawazo." Akaandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Jumamosi safu ikatoka, ndefu kuliko zote. Alisema hicho ndicho kilele cha muziki wa umeme, mdundo unaoyumba kama mtu mwenye roho. Jumatatu duka likajaa. Kila mtu na kaseti yake tupu, anataka arekodiwe ile ya fedha, na narekodi kutoka wapi? Kutoka kwenye gagulo. Yakatoka makaseti na makaseti yanayoyumba, yakaenda Kariakoo, yakaenda Magomeni, yakaenda nisikokujua. Mzee mmoja alileta wimbo wake wa zamani anaoufahamu vizuri, nikamrekodia, akarudi analalamika: "Binti, mbona mwimbaji analia?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hizo betri zako zimechoka, zianike juani." Enzi hizo betri zote za mji zilikuwa juu ya mabati zinaanikwa kama dagaa. Akaenda kuanika. Mungu anisamehe.

Vijana wakatunga na mtindo, wakauita Egama: sauti ikizama unaegama ubavu mmoja, ikiibuka unanyooka. Jumapili mchana kwenye bugi, dansi la vijana, ukumbi mzima unaegama, unanyooka, kama shamba la mpunga.

Ba akarudi kutoka Tanga. Nikampigia ile ya fedha huku nimekufa nusu. Alisikiliza, akalitazama gramafoni, akanitazama mimi na pini yangu, akatoka mlangoni. Mikokoteni ilikuwa inapita, inaegama, inanyooka, magunia yanataka kumwagika. Akarudi akaketi. "Imekubali," akasema, asiulize kitu kingine. Ila aliandika barua London kwa mjukuu wake, kwamba akija alete ukanda wa gramafoni.

Baada ya miezi mitatu mjukuu akaja. Anaitwa Kirit. Viatu vya raizoni, soli ndefu juu, suruali imembana mpaka anatembea kwa hesabu, Kiswahili anakisema kama anakilipia. Alileta ukanda mpya, nikaubadilisha kimya kimya, mpira wangu nikaurudisha kwenye gagulo maana pini ilishanitoboa kiuno. Nikajua yamekwisha. Kumbe bwana mdogo alikuja na sahani zake pia, na mojawapo ni ile ya fedha. Jumapili akaenda nayo kwenye bugi kuwaonyesha washamba. Akaipiga. Ikatoka imenyooka kama rula. Watu wakaegama, hakuna pa kuegamia, wakagongana. Wakaanza: "Feki! Haiyumbi! Tupigieni yenyewe!" Wakamteremsha.

Kirit alirudi amevimba. Akamsikia mtu anasema gazeti ndilo limeandika inayumba, akatafuta gazeti, akasoma, akaketi akamwandikia mhariri barua: huyo mwandishi wenu wa muziki ama hasikii ama hasikilizi kabisa, sahani hiyo haiyumbi, mimi nimetoka London najua.

Benedikti aliniletea habari Alhamisi, siku isiyo yake. Hakukaa kwenye kreti.

"Mhariri anakuja hapa kesho mwenyewe, na huyo kijana, na sahani. Ikiyumba, sawa. Isipoyumba, safu inafungwa. Nitapelekwa kuandika bei za korosho na pamba."

"Korosho na wewe wapi na wapi?"

"Ndiyo hivyo. Dada Somoe, mimi niliisikia inayumba. Ulikuwepo. Au ni mimi tu? Siku mbili sijalala, najiuliza masikio yangu yana nini."

Hilo la masikio likanichoma. Mtu wa kwaya, umwachie aamini masikio yake yamekufa! Nikafungua mdomo. Nje cherehani ya mjomba ikanyamaza, nikajua naye kategesha sikio. Nikafunga. Nikasema, "Nenda kalale, Kaka Benedikti. Kesho itayumba." Usiku huo asiyelala nilikuwa mimi.

Ijumaa saa tisa wakafika. Mhariri, mzee wa suti ya Kaunda, miwani mizito, anaita kila mtu ndugu na hamna undugu usoni mwake. Ba kwenye kiti chake. Kirit akaiweka sahani yake mwenyewe kwa madaha, akashusha sindano. Ikatoka safi. Imenyooka. Tukasikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu Benedikti," mhariri akasema, "roho ya mashine iko wapi?"

Benedikti alikuwa anaitazama ile sahani kama mtu aliyekanwa na mkewe mahakamani. Kirit akatabasamu. "Mimi nilisema. Huyu hajui muziki. Aandike korosho."

Basi. Nikajiona mimi miaka yote inayokuja nikibandika vijina, nawaza neno tamu, hakuna wa kulibeba. Na yeye kule kwenye maghala ya korosho, anajipiga masikio. Nikasema, "Samahanini wazee, naombeni dakika tano."

Nikaingia nyuma ya pazia na wembe. Nikatoka, kanga nimeifunga fundo mbili, mkono mmoja umeshika kiuno, mkono mwingine una mpira. Nikafunua gramafoni, nikatoa ukanda wa London, nikavalisha wangu, nikarudisha ile ile sahani ya Kirit. Ikazama. Ikaibuka. Ikazama.

Benedikti aliruka kutoka alipo. "Ndiyo hiyo! Hiyo hiyo!"

Mhariri akavua miwani. "Ndugu binti, umefanya nini?"

"Nimebadilisha ukanda, ndugu mhariri. Wa zamani ulikatika, madukani hakuna. Nikaweka mpira. Kila kaseti iliyotoka hapa imetoka na mpira huu. Ndugu Benedikti masikio yake mazima, aliandika alichosikia. Mimi ndiye sikumwambia."

"Mpira wa nini?"

Nje cherehani kimya. Hata sahani nilitamani inyamaze.

"Wa gagulo langu. Na nilikuwa nimelivaa mpaka sasa hivi."

"LASTIKI YANGU YA IDI!" Mjomba huyo barazani, pazia la mlango likatikisika.

Ba alikuwa wa kwanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, mwisho akawa anajifuta machozi na ncha ya sari. Mhariri alijitahidi, nawaambia, alijitahidi sana, lakini sahani bado inazama na kuibuka, na bega lake la kulia likaanza kwenda nayo. Alipojigundua akakohoa.

"Safu inabaki," akasema. "Lakini wasomaji waelezwe. Ukweli wote."

Hapo sasa ikawa kazi. Wanaume watatu wasomi wamesimama wanatafuta neno. Benedikti anasema waandike *vazi la ndani*. Mhariri anasema gazeti linasomwa na viongozi, iwe *kifaa kilichobuniwa hapa nchini kwa moyo wa kujitegemea*. Nikachoka. "Andikeni gagulo! Kuna mtu nchi hii asiyejua gagulo? Ndugu mhariri, mkeo hana?"

"Analo," akasema, kisha akajutia.

Benedikti akafungua daftari, ila hakuandika. "Dada Somoe, miezi yote hii nimekuwa nikiandika maneno yako kama yangu. Safari hii nataka niweke jina lako."

"Na gagulo? Kwenye mstari mmoja?"

"Ndiyo hapo."

Mjomba kutoka nje: "Jina la ukoo msiweke!"

Wakaweka Somoe tu. Jumamosi nilijisomea mwenyewe, kwa kidole, herufi moja moja, *So-mo-e*, na mambo ya mgambo na ya mtu kuinama kuokota kitu yote yametajwa kuwa yangu. Lile jingine waliliandika *vazi*, waoga hao, lakini Kariakoo nzima ilishajua kufikia saa kumi ya Ijumaa ile ile. Na Benedikti aliendelea na safu yake, na kila Jumatano kwenye kreti, mpaka alipoota mvi.

Lakini nimalizie la Kirit. Jumatatu asubuhi kaja mapema, raizoni hazilii. Akaegemea kaunta, sauti ya chini.

"Somoe, nirekodie kaseti."

"Ya nini?"

"Ile ya fedha."

"Si unayo sahani nzima, mpya, ya London?"

Akaangalia mlangoni kama kuna mtu. "Nimepiga yangu tena jana. Wamekaa chini wote. Ukumbi mzima umekaa chini unanitazama."

"Unataka inayoyumba."

"Mmh."

"Sema nisikie."

"Nataka inayoyumba."

"Mpira wangu nimeuvaa, Bwana Kirit, na sivui mara mbili kwa wiki moja. Lete wako." Nikamsogezea wembe juu ya kaunta, nikamwonyesha pazia.

Alidhani namtania. Akageuka kwa bibi yake kuomba hukumu. Ba alikuwa anasoma gazeti la Jumamosi, hakuinua hata macho.

"Nenda, mjukuu wangu," akasema. "Mwenzio kavua mbele ya mhariri."